Kaunta, kaunta buku na dola 150: nilivyoanza ukutubi wa chuo kikuu

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja wa fani alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimeitwa usaili, nafasi ya mkutubi chuo kikuu. Naomba uzoefu." Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja nikiwa ndani ya daladala, abiria wa siti ya pili akinisikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza akaniuliza, "Kumbe na nyinyi wa vitabu mnatapeliwa?" Nimeona bora niyaandike, maana wanaouliza ni wengi na maelezo yangu ya kwenye simu hayana kichwa wala miguu.

Nilimaliza shahada ya kwanza mwaka 2016. Waliokuwepo wanaukumbuka mwaka ule. Ulikuja msako wa watumishi hewa, ajira mpya serikalini zikasimamishwa, ukafuata uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sisi wenye vyeti halali tukabaki na bahasha zetu za kaki. Nyumbani Korogwe mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anamaliza digrii. Walipomuuliza digrii ya nini, akasema "ya vitabu". Mzee mmoja wa jirani, mstaafu wa shamba la mkonge, akaniuliza kwa huruma ya kweli kabisa: "Miaka mitatu, baba, kujifunza kupanga vitabu?" Kanuni tano za ukutubi za Ranganathan za mwaka 1931 nilikuwa nazo kichwani zote. Jibu la mzee yule sikuwa nalo.

Nikaenda kujitolea kwenye maktaba ya chuo kimoja cha afya huko Tanga, kwa nauli na chakula cha mchana. Chumba kimoja, makabati manne, vitabu vya msaada ambavyo vingi vilinizidi umri. Nilikaa mwaka mmoja na miezi mitano. Nilijifunza mengi pale, ila nilifanya kosa la kijinga: sikuomba barua. Mkuu wa chuo alisema "karibu kijana", nikaingia, nikaanza kufuta vumbi. Siku niliyohitaji kuthibitisha uzoefu wangu, mkuu yule alishahamishwa, na ofisini hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina langu. Ukijitolea popote, hata kama ni kwa rafiki wa baba yako, omba barua siku ya kwanza, iwe na tarehe na majukumu. Siku ya kuondoka omba nyingine. Ni vigumu mtu kukunyima barua wakati bado unamfanyia kazi bure.

Tatizo lingine nilizaliwa nalo. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Athumani, cha kidato cha nne kinasema Othman. Nyumbani hilo ni jina moja tu. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, ni watu wawili. Nililigundua usiku wa siku ya mwisho ya kutuma maombi, na tangazo lile likanipita hivihivi. Kutengeneza hati ya majina kwa wakili, kuisajili, na kugongesha muhuri nakala za vyeti kulinila safari tatu na pesa ya kukopa. Kama majina yako hayalingani herufi kwa herufi, au namba yako ya NIDA bado haijatoka, shughulikia leo, kabla hakujatangazwa kitu. Tangazo likishatoka, foleni ya wakili nayo inakuwa ndefu.

Nafasi nyingine ilitoka 2018. Usaili ukawa Dodoma. Gesti ya shilingi 15,000, choo cha nje, na wenzangu watatu kwenye korido wakisomeana maswali hadi saa nane usiku. Mtihani wa mchujo niliupita kwa kukariri. Kwenye mahojiano nilikutana na watu watano mezani, na swali ambalo hadi leo nalisikia: "Mwanafunzi amekuja saa mbili usiku, kesho ana mtihani. Kompyuta inasema kitabu kipo, rafuni hakipo. Utafanya nini?" Nikaanza na mzunguko wa vitabu kama huduma ya msingi. Nikapita kwenye sera ya ukuzaji wa mkusanyo, nikagusia umuhimu wa kuhesabu vitabu kila mwaka. Mama mmoja wa jopo akaweka kalamu chini. "Na huyo mwanafunzi bado amesimama?"

Nilipita kwa kuponea chupuchupu, nikawekwa kwenye kanzidata ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na Februari 2019 nikapangiwa kituo: chuo kikuu cha umma, katika mkoa ambao sikuwa na ndugu hata wa kufikia.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapopotea. Chuo kikuu kina watu wa maktaba wa aina mbili. Kuna waendeshaji, wanaopimwa kwa utendaji wa kila siku. Na kuna wanataaluma, wanaohesabiwa pamoja na wahadhiri, na hao wanadaiwa kusoma na kuchapisha. Kibaya zaidi ni kwamba majina yanafanana. "Mkutubi msaidizi" kwingine ni mtu wa stashahada, ila chuo kikuu cheo hicho kinaweza kuwa cha mwenye shahada ya uzamili, aliye sawa na mhadhiri msaidizi. Mimi niliingizwa kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi ya wanataaluma, kwa sharti la kusoma uzamili na baadaye kuendelea. Barua yangu ya ajira ilisema hivyo ukurasa wa pili. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza, penye mshahara.

Na mshahara wenyewe, ili usije ukashtuka kama mimi: wa kwanza ulichelewa miezi miwili hadi nilipoingizwa kwenye mfumo, nikaishi kwa mkopo wa mangi wa jirani, mchele na dagaa. Ulipoingia, Bodi ya Mikopo ilikata asilimia 15 yake kabla sijaugusa. Nenda kituoni na akiba ya miezi mitatu, hata kama ni ya kukopa kwa shangazi.

Nilidhani ningepewa ofisi. Nikapewa kaunta, zamu ya jioni, chini ya mama mmoja ambaye chuo kizima kilimwita Bi Mkubwa. Alisomea cheti Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba, na alikuwa kwenye maktaba ile kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Kwa karatasi mimi nilikuwa juu yake. Kwa kila kitu kingine nilikuwa mtoto.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na rafu ya hifadhi maalumu, ile ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa mbilimbili. Nilipoiangalia nikaona fujo tupu: uchumi umekaa na kilimo, takwimu imelaliana na saikolojia. Jumamosi moja maktaba ikiwa kimya, nikavitoa vyote, karibu mia tatu, nikavipanga upya kwa namba za mgongoni, kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani kama tulivyofundishwa. HA kabla ya HB, HB kabla ya HC, desimali kwa desimali. Nikapiga na picha.

Jumatatu saa mbili asubuhi foleni ilifika mlangoni. Vile vitabu vilikuwa vimepangwa kwa namba za kozi, tena kwa kufuata ratiba ya majaribio ya wiki ile. Mwanafunzi alikuwa akitaja kozi, Bi Mkubwa anarudisha mkono nyuma bila kugeuka, kitabu kinatoka. Sasa mkono ulirudi nyuma ukatoka na kitabu cha sensa. Akageuka, akaitazama rafu yangu kwa muda, kisha akanitazama mimi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, umepanga vizuri sana. Haya, watafutie." Akakaa kwenye kiti chake, akafungua chupa ya chai. Niliwatafutia hadi saa saba mchana, shati limelowa mgongoni.

Baada ya siku ile alinipeleka kwenye rafu kwa wiki mbili, kila asubuhi saa moja kabla ya kufungua, kusoma namba moja baada ya nyingine na kurudisha vilivyopotea njia. Kitabu kilichokosewa rafu, alisema, ni sawa na kilichoibwa, tofauti ni kwamba bado kinakula nafasi. Alinionyesha pia kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wowote. Kipindi cha mitihani, wanafunzi wa sheria huficha vitabu vyao kwenye rafu za hisabati, nyuma ya majalada makubwa ya zamani, kwa sababu huko hafiki mtu. Wa uhasibu huficha kwenye dini. Bi Mkubwa alikuwa na ramani nzima kichwani. Mara kadhaa nimemwona akimwambia mwanafunzi aliyekata tamaa, "Subiri hapo," anaenda ghorofa ya juu, anarudi na kitabu.

Na kila jioni tukifunga mahesabu ya kaunta aliniuliza swali moja: "Leo wamekuuliza nini?" Mwanzoni nilijibu kwa jumla, "vitabu tu." Hakuridhika. Basi nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili pale steshenari ya getini, nikawa naandika. Tarehe, saa, swali kama lilivyoulizwa, na nilichojibu. Majina sikuandika. Nilifanya hivyo ili nimridhishe tu. Ukurasa wa kwanza bado ninao:

"Saa 10:20. Kile kitabu chekundu cha Dokta. (Sikijui.)
Saa 10:45. Riwaya za Kiswahili ziko wapi, mbona kwenye fasihi hazipo? (PL8704. Hakuamini.)
Saa 11:05. Naomba kuchaji simu.
Saa 11:30. Marejeo yanaandikwaje kama mwandishi hana jina la ukoo?"

Swali la 10:45 lilinikaa moyoni. Fasihi nzima ya lugha tunayozungumza kutwa imebanwa kwenye kijisehemu cha PL, pamoja na lugha za Asia na Pasifiki, huku ya Waingereza ikitandaza miguu kwenye PR yote. Mwanafunzi anayesomea Kiswahili hawezi kubahatisha kwamba aende huko. Tukabandika kibao cha karatasi ngumu kwenye mlango wa ngazi: "Riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili: ghorofa ya pili, PL8704." Swali likapungua. Hicho kibao nakihesabu kuwa kazi yangu ya kwanza ya kitaaluma, ingawa hakuna fomu ya tathmini yenye nafasi ya kukiandika.

Mwisho wa 2019 chuo kikaamua kuhamia Koha. Ni programu huria ya kuendeshea maktaba, iliyoanzia New Zealand, na jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi. Zawadi ile niliikaribisha kwa pupa. Kumbukumbu zetu za vitabu zilikuwa kwenye faili la Excel lililoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Mimi, kijana anayejua kompyuta, nikaandika fomula ya kugeuza majina ya waandishi ili la mwisho litangulie, kama inavyotakiwa kwenye sehemu ya 100, ile ya jina la mwandishi, katika MARC, muundo wa kuandikia taarifa za vitabu kwenye kompyuta. Kwa Mzungu wa kawaida ilifanya kazi. Kwa majina yetu, ambayo la mwisho mara nyingi ni la baba au babu na si la ukoo, ilizalisha waandishi wasiokuwepo duniani. Na wale ambao majina yao yalikuwa yameshageuzwa tangu zamani, fomula iliyageuza tena yakarudi nyuma. Kumbukumbu zaidi ya elfu nne. Sikuwa nimehifadhi nakala ya faili la mwanzo.

Ilinichukua miezi mitatu ya kurekebisha kwa mkono, jioni kwa jioni, nikichukua kitabu chenyewe na kuangalia ukurasa wa jina. Mtu wa mifumo aliniambia baadaye, taratibu, kwamba watu hujaribu kwanza na kumbukumbu hamsini. Fanya hivyo, na nakala ya faili la mwanzo weka mahali ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kuiharibu.

Machi 2020 corona ikafunga vyuo. Tulirudi Juni mosi. Miezi ile miwili na ushee niliishi kwenye simu: mwanafunzi yuko Sumbawanga, mwingine Kilwa, wote wanauliza wanaingiaje kwenye majarida. Tulikuwa na haki ya kuingia kwenye mifumo ya majarida kama Hinari, iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya nchi kama yetu, lakini nywila zilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ndani ya ofisi iliyofungwa. Nilifungua kundi la WhatsApp na kulipia bando mfukoni mwangu. Kaunta buku ya tatu ilijaa wakati ule, nikiwa nimekaa barazani kwa mwenye nyumba wangu.

Sasa dola 150.

Mwaka 2021 nilikuwa nasoma uzamili huku nafanya kazi, na kila kikao cha idara kiliisha na neno machapisho. Wenzangu wahadhiri walikuwa wakihesabu makala zao kama wanavyohesabu ng'ombe. Mimi sikuwa na hata kuku. Nilikuwa nimeandika kazi moja ya kozi, kuhusu wanafunzi wanavyotumia majarida ya kielektroniki, yenye dodoso nililolisambaza mwenyewe mabwenini kwa jua kali. Siku hiyohiyo ya kikao ikaingia barua pepe iliyoniita "Profesa Mashuhuri". Jarida la kimataifa, jina refu lenye "utafiti" na "ubunifu" na "dunia" ndani yake. Majibu ya wahakiki, yaani wasomi wanaoikagua makala kabla haijachapwa, ndani ya siku saba.

Naomba nieleweke. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele ya wanafunzi kila Oktoba nikiwaonyesha slaidi yenye kichwa "Jihadhari na majarida ya kitapeli". Dalili zote nilikuwa nazijua kwa namba. Lakini ile barua pepe haikunikuta nikiwa mkutubi, ilinikuta nikiwa mtu mwenye haraka na aibu. Nilijiambia slaidi ile ni ya wanafunzi.

Nilituma makala Jumatano. Jumapili ikakubaliwa. Maoni ya wahakiki yalikuwa maneno mawili ya kusifu kazi nzuri. Rafiki yangu mwenye kadi ya benki inayofanya malipo ya nje alilipa ada ya kuchapisha, dola 150, nami nikamrudishia shilingi 345,000 kwa awamu tatu. Ilipotoka, walikuwa wamekosea jina la chuo changu. Niliiweka kwenye status hivyohivyo. Pongezi zilimiminika hadi simu ikaishiwa chaji. Bi Mkubwa nilimwonyesha kwenye skrini, akavaa miwani, akasoma kichwa cha makala, akasema, "Hongera mwanangu. Wamekurekebisha wapi?" Nikasema hawakunirekebisha popote. Akanirudishia simu bila neno.

Mwaka 2023, uzamili umeisha, niliandika kwa profesa mmoja nje ya nchi kuomba anisimamie shahada ya uzamivu. Nikaambatanisha wasifu na makala yangu kama ushahidi. Alijibu baada ya siku mbili. Barua ilikuwa ya heshima na fupi. Alisema ameangalia toleo zima la jarida lile: makala yangu ilikaa kati ya lishe ya mbuzi wa maziwa na uchomeleaji wa mabomba. Kisha akauliza, "Kwenye wasifu umeandika kwamba unafundisha wanafunzi kutathmini vyanzo. Jarida hili ulilichaguaje?"

Sikumjibu kwa siku tatu. Nilikuwa naenda kazini, nakaa kaunta, nasoma ile sentensi, nafunga simu. Wa kumlaumu hakuwepo, ndiyo maana iliuma.

Nilipoandika kwa wenye jarida kuomba makala iondolewe, walidai dola 100 nyingine za kuiondoa. Iko huko hadi leo. Hapo ndipo nilipoijua hasara yenyewe, kwa sababu dola zile kumbe zilikuwa sehemu ndogo. Makala ikishachapwa, hata pabaya, huwezi kuipeleka kwingine kama mpya, huo ni udanganyifu mwingine. Kwa hiyo madodoso yote yale, wanafunzi walionijazia wakiwa wamekaa kwenye ndoo za kufulia, yamezikwa hapo.

Mwishowe nilimjibu profesa kwa ukweli mtupu: nilikuwa na haraka, dalili niliziona, nikalipa. Alinishauri niiondoe kwenye wasifu, nisiifiche nikiulizwa, na nirudi kwake nikiwa na kitu kilichopita mikononi mwa wahakiki wa kweli.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma chochote, nafungua matoleo mawili ya mwisho ya jarida na kuyasoma kama msomaji, si kama mwombaji. Naangalia kama makala zinahusiana. Naandikia mjumbe mmoja wa bodi ya wahariri kupitia anwani ya chuo chake kumuuliza kama kweli anahusika. Nalitafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yanayosomwa bure, kama linadai kuwa huria, au kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kama ni la Afrika, na napitia maswali ya kupimia jarida ya Think. Check. Submit., ambayo ni ya bure na yanachukua muda wa kunywa chai. Anayeahidi majibu ndani ya wiki moja simjibu. Uhakiki wa kweli ni watu wenye kazi zao wanaokusoma usiku, na watu wa namna hiyo huchelewa.

Makala ya pili ilitoka wapi? Kwa miezi kadhaa nilihangaika kutafuta mada, nikisoma mapendekezo ya tafiti za watu wengine, mpaka usiku mmoja wa zamu Bi Mkubwa akaniuliza kama kawaida yake, "Leo wamekuuliza nini?" Nikafungua kaunta buku kumsomea. Ilikuwa ya tano. Nikaanza kurudi nyuma, kurasa za miaka minne, na kitu kikaanza kujitokeza. Wanaouliza kitabu kilipo walikuwa wachache kuliko nilivyodhani. Wengi waliuliza kuhusu nywila zilizokataa, tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati ofisi ya mifumo imeshafungwa na kaunta yetu ndiyo mlango pekee ulio wazi chuo kizima. Wengine waliuliza marejeo yanavyoandikwa, wiki mbili kabla ya kuwasilisha tasnifu, wakiwa wamechelewa.

Kwa sababu niliyaandika bila kibali cha utafiti, ilibidi niende kamati ya maadili kueleza daftari ni nini na kwa nini halina majina. Bahati yangu halikuwa nayo. Wewe ukianza daftari la namna hii, omba kibali mapema. Kamati ilinizungusha miezi minne. Jarida likanizungusha kumi na minne. Mhakiki wa kwanza aliandika ukurasa mmoja, wa pili kurasa nne, na kati ya hizo mbili zilinitoa jasho kuliko ile rafu ya hifadhi maalumu. Sikulipa hata senti. Ilipotoka nilimpelekea Bi Mkubwa nakala ya karatasi pamoja na zile kurasa nne. Alianza na zile kurasa nne.

Yule profesa amenikubali, naanza mwaka huu. Zamu mbili za usiku kwa wiki nimeomba nibaki nazo, ingawa wenzangu wa kada yangu wanaona najishusha. Slaidi ya majarida ya kitapeli bado ninayo, ila sasa inaanza na ukurasa wa makala yangu mwenyewe, pamoja na lishe ya mbuzi. Wanafunzi wa uzamili hucheka, halafu mmoja au wawili hubaki darasani wenzao wakishatoka, kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia ya kuitoa.

Yule mdogo wangu wa usaili alinipigia juzi akiwa stendi ya Dodoma. Alikuwa amesikiliza dakika zote kumi na moja, na alitaka kitu kimoja tu: wakimuuliza habari ya mwanafunzi wa saa mbili usiku ambaye kitabu chake hakipo rafuni, aseme nini.

"Muulize kwanza anasoma nini," nikamwambia. "Kama ni sheria, panda naye hisabati."